Muziki hubadilikia wapi kabla ya kukufikia sikioni

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao mihadhara haikuwezekana humo. Mhadhiri akitamka neno moja, neno hilo liliendelea kuzunguka kutani kwa zaidi ya sekunde tano, na yaliyofuata yakarundikana juu yake. Kazi ya kutafuta dawa alipewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Usiku, mji ulipotulia, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, wakaipanga ndani, wakapuliza bomba la kinanda na kupima muda ambao sauti yake ilichukua kufifia. Wakaongeza mito, wakapima tena. Kulipokucha, mito ilikuwa imesharudishwa ilikotoka.

Kutokana na kazi hiyo Sabine alipata kanuni inayotumika hadi leo: muda wa sauti kufifia hutegemea ukubwa wa chumba ukilinganishwa na vitu vinavyoinyonya sauti hiyo, yaani mito, mazulia, mapazia, na miili ya watu waliokaa. Ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulisanifiwa kwa kufuata hesabu zake. Humo sauti hufifia kwa muda usiotimia sekunde mbili, na wanamuziki bado wanauhesabu miongoni mwa kumbi bora duniani.

Nimeanza na mito hiyo kwa sababu mazungumzo ya wapenzi wa muziki karibu kila mara huanzia kwingine. Huanzia kwenye swali hili: santuri, CD, au muziki wa kutiririshwa kwenye simu, kipi kina sauti bora? Swali ni la haki, na nitalijibu. Lakini linagusa katikati tu ya safari ndefu. Sauti hutoka kwa mwimbaji, ikapita kwenye maikrofoni, ikachanganywa na kukamilishwa studio, ikahifadhiwa, ikasafirishwa, ikapandishwa nguvu na amplifaya, ikatoka kwenye spika, ikajaa chumba, ndipo ikaingia sikioni. Mabadiliko makubwa hutokea kwenye ncha mbili za safari hiyo, na ndiko wasikilizaji wengi hawaangalii.

Sauti yenyewe ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Kiwambo cha ngoma kikipigwa, hewa iliyo karibu nacho hutikisika, mtikisiko husafiri, na kiwambo kidogo kilichomo ndani ya sikio hucheza vilevile. Thomas Edison alipoushika mtikisiko huo mwaka 1877, aliuandika kwa sindano juu ya karatasi ya bati iliyoviringishwa kwenye mcheduara. Miaka kumi baadaye Emile Berliner alileta sahani bapa, ambayo faida yake kubwa ilikuwa kwamba ingeweza kunakiliwa kwa wingi kutoka kwenye kalibu moja.

Kwa karibu miaka hamsini ya mwanzo hapakuwa na umeme wowote katika kurekodi. Wanamuziki walijibana mbele ya tarumbeta kubwa, na nguvu ya sauti zao peke yake ndiyo iliyoisukuma sindano. Ala zenye kelele zilirudishwa nyuma, mwimbaji akasogezwa mbele, na mwenye sauti nyembamba ya kunong'ona hakuwa na nafasi. Sahani ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu kwa upande mmoja, kwa hiyo nyimbo zilikatwa zitoshee. Urefu huo wa wimbo ulibaki kuwa mazoea hata baada ya sahani zile kuondoka sokoni.

Kisha, mwaka 1925, maikrofoni na amplifaya ziliingia studio. Mwimbaji hakulazimika tena kupiga kelele. Aliweza kuimba kwa sauti ya kumwambia mtu jambo la siri, na Bing Crosby alijenga jina lake juu ya uimbaji wa namna hiyo. Hapa pana jambo linalosahaulika tunapojadili vifaa: chombo cha kurekodia hakikuchukua tu muziki uliokuwapo. Kiliruhusu muziki ambao hapo awali haukuwezekana mbele ya watu wengi.

Santuri ya muda mrefu, iliyozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, ilitoka mwaka 1948 na kubeba zaidi ya dakika ishirini kwa kila upande. Nataka tukae nayo kidogo, maana ndiyo inayosifiwa kwa sababu zisizo zake. Mfereji wa santuri ni mtikisiko wa sauti uliochongwa. Besi nzito huhitaji mfereji upinde sana kushoto na kulia, na ukiuachia utavamia mfereji wa jirani au kuirusha sindano. Kwa hiyo besi hupunguzwa wakati wa kuchonga, na sauti nyembamba za juu hupandishwa ili zisimezwe na mchakacho wa plastiki. Pleya nayo hufanya kinyume wakati wa kupiga: hurudisha besi, hushusha sauti za juu. Kipimo cha kufanya hivyo kiliwekwa sawa kwa kampuni zote za Marekani mwaka 1954, kisha kikaenea duniani. Ndiyo maana nyuma ya amplifaya nyingi pana tundu lake pekee lililoandikwa PHONO. Ukichomeka pleya ya zamani kwenye tundu jingine, utasikia muziki mwembamba, wa mbali, usio na kiuno.

Pana jambo jingine. Santuri huzunguka kwa mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, lakini duara la nje ni refu kuliko la ndani. Sindano ikikaribia katikati, mfereji hupita chini yake kwa kasi isiyofika nusu ya ile ya mwanzo, na mtikisiko uleule hubanwa kwenye nafasi ndogo. Sauti za "s" huanza kukwaruza. Watayarishaji walilijua hilo, wakapenda kuweka nyimbo tulivu mwishoni mwa upande. Ukisikiliza santuri nzima kwa mpangilio wake, sehemu ya mpangilio huo iliamuliwa na jiometri.

Je, napenda santuri? Sana. Napenda kuigeuza, napenda jalada lake kubwa, na napenda kwamba mtu aliyeiweka huketi na kusikiliza. Lakini ule "ujoto" unaosemwa si ukweli zaidi wa sauti. Ni mchanganyiko wa besi iliyodhibitiwa, upotoshaji mdogo wa sindano, na mara nyingi nakala iliyokamilishwa kwa mkono mwepesi zaidi kuliko ile ya CD. Hilo la mwisho ndilo zito, na nitalirudia.

Kaseti ya Philips ya mwaka 1963 ilikuwa duni kwa sauti: mkanda mwembamba, uliosogea chini ya sentimita tano kwa sekunde, wenye mvumo usiokwisha. Hata hivyo ilimpa mtu wa kawaida uwezo wa kurekodi mwenyewe, na Walkman ya mwaka 1979 ikautoa muziki nyumbani ukatembea na mwenyewe barabarani. Watu walikubali mvumo kwa ajili ya uhuru huo, nami naona walichagua vizuri.

CD ilipofika mwaka 1982 ilikuja na hesabu ambayo hadi leo inaelezwa vibaya. Mashine hupima kimo cha wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani ngazi 65,536 za ukubwa. Kutokana na hapo ikazaliwa picha maarufu ya wimbi laini la santuri kando ya wimbi la CD lililokatwakatwa kama ngazi za nyumba. Picha hiyo ni ya uongo. Nadharia iliyowekwa wazi na Claude Shannon mwaka 1949 inasema kwamba iwapo sauti haina mitikisiko inayozidi nusu ya idadi ya vipimo, basi kuna wimbi moja tu, laini, linaloweza kupita kwenye nukta zile zote. Mashine ya kupigia hulichora wimbi hilohilo. Kati ya nukta na nukta hakuna kilichopotea.

Nusu ya 44,100 ni 22,050. Sikio la kijana mwenye afya huishia kwenye hezi 20,000 hivi, yaani mitikisiko 20,000 kwa sekunde, na umri ukienda kikomo hicho hushuka. Kwa hiyo faili lenye vipimo 96,000 au 192,000 kwa sekunde hubeba mitikisiko ambayo popo atafurahia. Fundi wa studio ana sababu za kutumia vipimo vikubwa, hasa biti nyingi, kwa kuwa atachanganya na kusahihisha mara nyingi na anahitaji nafasi ya kukosea. Msikilizaji wa mwisho, kwa maoni yangu, aache kulipia namba hizo.

Kinachopoteza kweli ni ukandamizaji wa faili, yaani kulipunguza ukubwa kwa kuacha sehemu ya sauti. Sekunde moja ya CD ni zaidi ya biti milioni 1.4. MP3, iliyokuzwa Ujerumani na kusambaa katika miaka ya 1990, iliweza kuifikisha hadi biti 128,000, kama sehemu moja kati ya kumi na moja. Ilifanikiwa kwa kujua tabia za sikio: sauti kubwa hufunika ndogo iliyo karibu nayo kwa unene au wembamba, na pigo kali hufunika kilichosikika punde baada yake, hata kile cha punde kidogo kabla yake. Programu hukisia kipi kitafunikwa, ikakiandika kwa ukali mdogo au ikakiacha. Ikibanwa mno, ndipo makofi husikika kama mvua juu ya bati na matoazi hutoa sauti ya maji. Ikiachiwa biti za kutosha, kama 256,000 au 320,000 kwa sekunde, wasikilizaji wengi hushindwa kuitofautisha na CD wanapopimwa bila kuambiwa kipi ni kipi.

Basi, kama chombo cha kuhifadhia si tatizo tena, kwa nini nyimbo nyingi za baada ya miaka ya 1990 huchosha? Hapa tumefika kwenye ncha ya kwanza: ukamilishaji wa studio, yaani marekebisho ya mwisho kabla wimbo haujatolewa. Sikio hupendelea kilicho juu kidogo. Ukimpigia mtu wimbo uleule mara mbili, wa pili ukiwa umepandishwa desibeli moja tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), mara nyingi atasema wa pili una "uwazi" na "nguvu" zaidi, wala hatagundua kwamba umeongezwa sauti. Kampuni za muziki zilijua hilo. Kila mmoja alitaka wimbo wake usikike juu ya wa jirani redioni, na vifaa vya kidijitali vikawaruhusu mafundi kukata vilele vyote vya sauti na kuinua kilichobaki hadi dari. Kinong'ono na mlipuko vikawa na ukubwa mmoja. Ngoma ikilia sana mwisho hupasuka, na hapa kilichopasuka ni lile pumzi la muziki: pigo la ngoma lililokuwa likiruka mbele ya wimbo sasa limelala ndani ya ukuta wa sauti.

Ndiyo sababu santuri ya albamu fulani inaweza kukupendeza kuliko CD yake. Mara nyingi si kwa sababu ya plastiki. Ni kwa sababu mfereji hauvumilii vizuri kubanwa kule, na mara nyingi fundi hutayarisha nakala nyingine iliyopewa nafasi. Habari njema ni kwamba huduma za kutiririsha siku hizi husawazisha ukubwa wa nyimbo, kwa hiyo wimbo uliobanwa hushushwa ulingane na wenzake, na faida ya kupiga kelele imepungua.

Ncha ya pili ni spika, chumba na sikio. Hapa tofauti huwa kubwa kiasi kwamba hakuna aina ya faili inayoweza kushindana nazo.

Spika ni kiwambo kinachosukumwa na sumaku, na ili kitoe besi lazima kisogeze hewa nyingi. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita saba. La hezi 10,000 halizidi sentimita nne. Spika ndogo ya simu haina eneo la kusogeza hewa ya wimbi la mita saba, hata programu iseme nini. Wimbi hilo refu likitolewa na spika kubwa chumbani, hugonga ukuta, likarudi, likakutana na lenyewe. Mahali pengine yanajumlishana, pengine yanafutana. Jaribu: piga wimbo wenye besi ndefu, kisha tembea polepole kutoka ukutani hadi katikati ya chumba. Utasikia besi ikivimba, ikatoweka, ikarudi. Kusogeza kiti nusu mita kunaweza kukupa badiliko kubwa kuliko kununua waya ghali, na zulia nene mbele ya spika au rafu ya vitabu kwenye ukuta wa nyuma ni mito ya Sabine.

Spika za masikioni hukwepa chumba kabisa, na hiyo ndiyo siri ya ubora wake kwa bei ndogo. Zile za kuchomeka ndani zina sharti moja: mpira wake uzibe tundu la sikio sawasawa. Hewa ikivuja, besi huondoka nayo, na mtu huilaumu kampuni wakati alihitaji tu mpira wa saizi nyingine. Zile zinazofuta kelele zina maikrofoni ndogo zinazosikiliza mvumo wa nje, kisha zinatoa wimbi lililo kinyume chake: hewa ikisukumwa na kelele, kiwambo huivuta. Hufanya kazi vizuri kwa mngurumo mrefu kama wa injini ya ndege, na kwa shida kwa sauti za ghafla. Faida yake kubwa, kwangu, si utulivu wenyewe bali kwamba huhitaji tena kupandisha sauti ili kuishinda injini.

Kuhusu kupandisha sauti kuna jambo lililopimwa na Harvey Fletcher na Wilden Munson mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kwanza. Wimbo unaosikilizwa chinichini huonekana mwembamba ingawa haukubadilika. Kwa hiyo ukilinganisha vifaa viwili vyenye ukubwa tofauti wa sauti, hujalinganisha vifaa. Umelinganisha ukubwa.

Tukienda kwenye onyesho la jukwaani, fizikia ni ileile lakini umbali ndio adui. Agosti 1965 The Beatles walipiga katika uwanja wa Shea mjini New York mbele ya watu zaidi ya 55,000, wakitegemea amplifaya zao na spika za kutangazia matukio ya mchezo. Mayowe ya mashabiki yalizifunika, na wao wenyewe walisikiana kwa shida. Mwaka uliofuata waliacha ziara. Mwaka 1974 bendi ya Marekani ya Grateful Dead ilijaribu njia ya kupita kiasi: ukuta wa spika zaidi ya 500 uliosimama nyuma ya wanamuziki wenyewe, ili wasikie kile ambacho umati unasikia. Kwa kuwa spika zilielekea kwenye maikrofoni, kila mwimbaji alipewa maikrofoni mbili zilizounganishwa kinyume. Akaimbia moja, na sauti ya ukuta iliyoingia zote mbili ikajifuta. Ni wazo lilelile la spika za masikioni zinazofuta kelele. Mtambo ule ulikuwa mzito na wa gharama mno, wakauacha mwaka huohuo.

Spika moja ya kawaida ikiwa mahali pa wazi hupoteza desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu. Aliye mbele anaumizwa, aliye nyuma anakisia. Mfaransa Christian Heil alileta mwaka 1992 mtambo wa spika nyembamba zilizopangwa kwa safu ya wima, zile unazoziona zikining'inia kama mkia uliojikunja pembeni mwa jukwaa. Mawimbi yake huungana na kuwa kama yametoka kwenye chanzo kimoja kirefu, na hupungua polepole zaidi. Katika viwanja vikubwa huongezwa minara ya spika katikati ya umati, nayo hucheleweshwa kwa makusudi: sauti hutembea kama mita 343 kwa sekunde, hivyo mnara ulio mita 100 kutoka jukwaani lazima usubiri karibu theluthi ya sekunde, la sivyo utamtangulia mwimbaji. Ukitaka mahali pazuri pa kusimama, tafuta meza ya fundi mitambo. Kila anachokirekebisha anakisikia pale alipo.

Na vaa vizibo vya masikio. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu chembe zenye vinyweleo zilizomo ndani ya sikio la binadamu hazioti upya zikifa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kusikiliza desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, saa hizo zinabaki nne tu. Maonyesho mengi hukaribia 100. Vizibo vya wanamuziki hushusha sauti zote kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo muziki unabaki muziki, tofauti na vile vya sifongo vinavyokula sauti za juu kwanza.

Pamoja na usumbufu wote huo, onyesho lina kitu ambacho njia nyingine haziwezi kukihifadhi. Mpiga ngoma humtazama mpiga besi na kuchelewesha pigo kidogo kwa sababu watu wameanza kuimba. Mwimbaji anarudia kiitikio mara ya nne kwa kuwa ukumbi haujakubali kiishe. Maikrofoni inaweza kurekodi matokeo, lakini wewe uliyekuwa ndani ulikuwa sehemu ya sababu, na mwili wako ulikuwa umenyonya sehemu ya sauti, kama Sabine alivyohesabu. Katika ukumbi mzuri, noti ya mwisho ikishapigwa na vidole vikaondoka kwenye nyuzi, bado kuna karibu sekunde mbili ambazo muziki unaendelea bila mtu kuupiga. Kisha mmoja anapiga makofi, na ukumbi mzima unamfuata.